Magadi Si Chumvi

Chang'ombe, Temeke,
Dar es Salaam.
12 Oktoba.

Kaka Sebastian,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu Mama alitulea tuwaamkie wakubwa hata pale wanapokuwa hawastahili. Yeye mwenyewe amekaa hapa karibu na cherehani yangu anachambua mchele, na akiniuliza nimeanzaje barua nataka nimjibu kwamba nimeanza kwa adabu. Hujambo? Wifi Benedicta hajambo? Hope na mdogo wake wanaendeleaje na masomo? Nimesikia shule yako imefaulisha vizuri na kwamba parokia imekuchagua tena kuwa mwenyekiti. Hongera. Wasalimie wote, ila barua hii usiwasomee.

Sisi huku hatujambo kiasi. Mimi naendelea na sare za shule, kazi ipo. Mama miguu bado imevimba, na akipanda zile ngazi mbili za barazani lazima asimame apumue. Lakini usingizi anapata, na siku hizi tisa za karibuni anaupata kuliko sisi sote. Sababu utaisoma huko mbele.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi zama hizi. Nimekupigia simu mara kumi na nne tangu nirudi safari. Mara mbili ulipokea ukasema uko kikaoni, zilizobaki uliziacha ziite mpaka zikachoka. Simu unaweza kuikata mtu akiwa katikati ya neno. Barua huwezi. Hata ukiichana utakuwa umeshauona mwandiko wangu. Kwa hiyo isome taratibu kuanzia hapa, usiruke kwenda mwisho kama ulivyokuwa ukifanya utotoni na vitabu vya hadithi, halafu ukatuharibia sisi wengine.

Nianze na Mama, maana yote yameanzia kwake. Mwezi wa nane daktari alipotuambia kwamba moyo wake umechoka na chumvi asiiguse kabisa, alirudi nyumbani, akaoga, kisha akaniita. Alisema kufa hakumtishi. Kinachomtisha ni kupelekwa Masasi akalazwa kando ya Babu, pale palipotengwa nafasi mbili, yake na ya Baba, halafu ubavuni mwake pawe patupu. Alinikumbusha kwamba kwetu mtu akizikwa ugenini, wenye uchungu naye humfuata, wakachota udongo wa kaburi lake, wakaurudisha nyumbani na kuufukia mahali pake kwa sala. Hapo ndipo anahesabiwa kuwa amerudi. Alisema miaka tisa tumekaa tunakula na kucheka wakati Baba amelala peke yake kwenye nchi ya watu, na aibu hiyo hawezi kwenda nayo mbele ya Mungu.

Nilikupigia jioni ile ile. Unakumbuka ulivyoanza? Ulisema ni mbali mno kwa mwanamke anayesafiri peke yake. Ulisema Mama atafutiwe dawa, siyo udongo. Ulisema mapadri hawazipendi mila hizo. Nilipokuambia tiketi nimeshakata, ukanielekeza kwa sauti ile ya darasani. Nipande basi mpaka Arusha, niende Mto wa Mbu, nitafute gari la Ngaresero, pembeni mwa Ziwa Natron. Nikifika nitembee kuelekea kwenye uwanda mweupe wa chumvi, na kabla chumvi haijaanza nitaona msalaba wa mti wa mgunga na mawe meusi yamezungushwa. Uliniambia niulize kaburi la Mmakua, kila mtu analijua.

Hayo hayo ndiyo uliyotuambia miaka tisa iliyopita. Baba alikuwa ameondoka miaka miwili kabla, tukiwa bado tumepanga Tandika, baada ya mikono kuanza kumtetemeka hata randa haikukaa sawa juu ya mbao. Siku ile Mama alimwambia maneno makali kuhusu mwanamume anayeshinda amekaa, na yeye akajibu kwamba anakwenda chumvini, kwani chumvi haichagui mikono. Tukahamia hapa Chang'ombe, yeye hakurudi. Kisha ukaja wewe na habari kwamba alikuwa amepata kazi kwenye ziwa la chumvi kule kaskazini, malaria ikamwondoa kwa siku tatu, na kwa sababu ya joto walimzika kabla hujafika. Ukatoa kwenye begi shati lake la mistari. Mama alilipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto, na tangu siku ile liko chini ya mto wake.

Sasa nikueleze nilichokiona, na wewe uliyefika kabla yangu utanisahihisha nikikosea.

Kutoka Mto wa Mbu tulipanda Land Cruiser moja iliyojaa kreti za soda na magodoro, njia ya vumbi laini kama majivu, saa nne nzima. Miti ni migunga tu, yenye miiba kuliko majani. Mlima mmoja mkali umesimama peke yake, wenyeji wanauita mlima wa Mungu, na chini yake joto linakupiga usoni kama umefunua tanuri la mikate. Kijijini nilipata mtu anaitwa Elibariki, mtu mzima wa miaka arobaini hivi, ambaye kazi yake ni kuwasindikiza wageni ziwani. Nilipomweleza nimefuata kaburi alinitazama sana, akaniuliza nani kanielekeza. Nikamwambia ni kaka yangu, mwalimu. Akasema tu tuondoke asubuhi na mapema kabla jua halijawa kali.

Uwanda ule, Kaka, mtu wa pwani hawezi kuufikiria. Ni ardhi nyeupe iliyopasuka vipande vipande, kama ukoko wa ugali uliosahauliwa sufuriani. Mbele vipande vinageuka rangi ya waridi, mbele zaidi vyekundu, na baada ya hapo hujui tena kama ni maji unayaona au ni macho yamechoka. Hakuna kivuli hata cha kuficha kichwa. Harufu yake inakaa kooni. Tulimkuta ndege amekufa, amekauka mzima mzima na manyoya yake, mweupe, mgumu, na nilimwambia Elibariki kwamba kama hivi ndivyo Baba alivyolala basi Mama asijue kamwe. Mahali pamoja nilipoona pagumu nilikanyaga, mguu ukazama mpaka kifundoni kwenye tope jeusi la moto. Elibariki alinivuta, akanimwagia mguuni maji yetu yote ya kunywa. Ngozi ilibanduka. Alama ipo mpaka leo.

Tulitembea ukingoni kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa sita mchana. Kila rundo la mawe nililiendea. Moja lilikuwa mabaki ya zizi la mbuzi, mengine yalikuwa mawe tu. Mwisho Elibariki alinikalisha chini akaniambia kwa upole kwamba amezaliwa pale na hajawahi kusikia Mmakua yeyote, hai wala mfu. Alisema hakuna anayezika mtu ukingoni pale, maana ukichimba urefu wa mkono yanatoka maji makali yanayokula ngozi. Alisema wala hakuna kazi ya kumpa mgeni, wenyeji wenyewe wanakwangua magadi kwa ajili ya mifugo na ya kuwauzia wapishi. Yeye kila mara alisema magadini, mimi kila mara nilimjibu chumvini, na hakuna kati yetu aliyejiuliza kama tunataja kitu kimoja.

Nikapanda kilimani kutafuta mtandao, mguu unawaka moto, nikakupigia. Mara ya kwanza ulisema labda upepo umeuangusha msalaba. Mara ya pili ulisema chumvi hutembea, hufunika vitu, nisogee mbele zaidi. Mbele zaidi, Sebastian. Ulinisikia ninavyohema, nikakwambia nimeungua, na ukaniambia nisogee mbele zaidi kwenye tope lile. Mara ya tatu ulizima simu. Watu husema njia ya mwongo ni fupi, lakini yako imenitembeza nusu ya nchi.

Hapa niungame na langu, kwa sababu sitaki uniambie kwamba ni wewe tu. Nilikaa pale nikamfikiria Mama anayengoja barazani na moyo wake uliochoka, nikaona siwezi kurudi mikono mitupu. Nilichukua kanga yangu nikabandua magamba meupe, nikayaponda kwa jiwe, nikafunga fundo. Elibariki aligeuka akatazama upande mwingine. Niliporudi nilimwambia Mama nimeliona kaburi. Nilimwambia msalaba ulikuwa umelala nikausimamisha, mawe nikayapanga, nikasali Baba Yetu na Salamu Maria tatu. Uongo ulinitoka laini mpaka nikajiogopa. Nikajiambia kumbe ndivyo unavyojisikia wewe.

Mama alinawa, akatandika kitenge cheupe juu ya mkeka, akanitaka nifungue fundo mbele yake. Alisali kwa Kimakua, maneno ambayo mimi na wewe hatukuyajua kamwe. Halafu, sijui kwa nini, nadhani alitaka kitu cha mumewe kiingie mwilini mwake, alilowesha kidole akachovya, akaweka ulimini. Alikaa hivyo kidogo, macho ameyafumba. Kisha akaniambia, "Editha, haya ni magadi."

Nikasema ni udongo wa kule, una chumvi chumvi. Alinijibu kwamba amepika maharage na kisamvu miaka arobaini, na ulimi wake haufundishwi na mtoto aliyemnyonyesha. Hakupaza sauti. Alisema Baba hajawahi kula maharage ya magadi kwa sababu ya kiungulia, alikuwa akiyasukuma pembeni ya sahani tangu siku ya kwanza ya ndoa. Alisema Baba siku anaondoka hakusema anakwenda magadini, alisema anakwenda chumvini, na mtu aliyekomba chumvi ya bahari kule Lindi tangu ujana, kabla hajajua kushika randa, akitamka chumvini anajua anachokisema. Akaniuliza ni nani aliyemwambia Sebastian kwamba chumvi na magadi ni kitu kimoja. Nikalia, nikamwambia ukweli wote wa safari yangu, na yeye akaufunga mzigo ule upya akaniamuru niupeleke jikoni kwenye kopo, kwa sababu magadi hayatupwi.

Kosa lako liko hapo, mwalimu wa jiografia. Ulikaa na ramani ukatafuta mahali pa mbali kabisa panapofanana na neno la Baba, mahali ambapo mama mgonjwa na dada mwoga wa safari hawatafika. Ukaona ziwa, ukaona weupe, ukaridhika. Ungewahi kuchemsha maharage hata siku moja katika maisha yako ungejua kwamba magadi si chumvi. Lakini wewe tangu utoto ulikuwa mtu wa kupakuliwa. Mimi ndiye niliyekuwa napakua.

Ndipo Mama alinieleza jambo ambalo hakuwahi kulisema, kwa kiburi chake tu. Baba alikuwa na rafiki wa ujanani, Twalib, waliyekomba naye chumvi Lindi, ambaye baadaye alihamia kwenye mabwawa ya chumvi ya Kunduchi. Kila walipogombana, Baba alikuwa akitishia kwenda kwa Twalib. Mama alijua tangu siku ya kwanza kwamba ndiko alikokwenda, akawa anangoja hasira zimwishe arudi mwenyewe. Ulipokuja ukasema alihama kwenda ziwa la kaskazini na huko ndiko alikofia, aliamini. Mtoto wake ni msomi, na alikuwa na shati mkononi.

Jumamosi iliyofuata nikaenda Kunduchi. Nilishuka Mtongani, kule malori ya Wazo yanakopita na vumbi la saruji, nikakata kuelekea baharini. Huko mabwawa yamekatwa mraba mraba, yamegawanywa kwa kingo za udongo, na ukingoni kuna marundo meupe yamefunikwa makuti. Watu walikuwa wanavuta chumvi kwa reki, miguu mitupu ndani ya maji. Nikauliza Mzee Twalib. Wakanionyesha banda, nikamkuta mzee mwenye kibaraghashia anashona midomo ya viroba. Nikamsalimia, nikajitambulisha kwamba mimi ni Editha, binti wa marehemu Alfonsi, nimekuja kuuliza kaburi la baba yangu.

Mzee Twalib aliacha sindano. Aliniuliza marehemu Alfonsi yupi. Nikamtajia, wa Masasi, seremala, aliyekuwa Tandika. Akaniambia nikae. Kisha akageukia nyuma ya banda akaita, kwa sauti ya kawaida kabisa kama mtu anayeita mwenzake chakula kimeiva, "Alfonsi, njoo. Mwanao kaja kukuzika."

Baba yuko hai, Sebastian. Unalijua hilo. Aliyekuwa halijui ni mimi.

Alitoka amebeba koleo. Amepungua, amekuwa mweusi wa jua, na macho yameharibika kwa mwanga wa chumvi, anamtambua mtu kwa sauti. Nilipomwamkia alisimama, koleo likamtoka. Alishika uso wangu kwa vidole vile vilivyopasuka, kwa muda mrefu. Na unajua swali lake la kwanza? Hakuuliza tulikuwa wapi. Aliniuliza kwa heshima kabisa, kama anayemuulizia mtu mkubwa, "Mume wa mama yako hajambo?"

Sikuelewa. Ilibidi Mzee Twalib anieleze, Baba amegeuza uso. Kumbe ulikuwa ukienda. Ulikwenda mara mbili. Mara ya kwanza ulimwambia kwamba Mama amerudi Masasi na ameolewa na mwanamume mwingine, na mimi nimeapa kwamba sina baba. Mimi. Umeweka maneno hayo kinywani mwangu, na mzee wa watu amekaa nayo miaka tisa kifuani, akivuta chumvi. Hakukuamini moja kwa moja. Alikwenda Tandika mwenyewe, akakuta wapangaji wengine ambao hawakutufahamu, akaona basi ni kweli. Mara ya pili ulikwenda umevaa suti kumpa habari ya ndoa yako. Alisema yuko tayari kuja, ataazima viatu. Baba aliniambia hukumjibu, ulimtazama miguu. Siku hiyo hiyo shati lake la mistari lilipotea kwenye kamba. Akadhani limechukuliwa na upepo.

Sasa nimeelewa. Wakwe zako waliuliza baba yuko wapi, nawe ukaona haya kutamka kwamba yuko Kunduchi anavuta chumvi pekupeku. Ukawaambia ni marehemu. Na watu wale, kwa kuwa ni wastaarabu kuliko wewe, wakasema basi watakwenda kumpa pole mama mjane. Ikabidi uwahi wewe kuja na msiba kabla wao hawajafika na pole. Nakumbuka walivyokuja na mchele na sukari, wakakaa mkekani, mama yake Benedicta akilia kilio cha kweli. Ulikuwa umesimama mlangoni unawapokea viatu. Mama anasema mkataa kwao ni mtumwa. Mimi sikuiti mtumwa, kwani mtumwa hakupenda.

Baba nilirudi naye siku hiyo hiyo. Hakutaka, alisema hawezi kuingia nyumba ya mwanamume mwenzake, mpaka Mzee Twalib alipomfokea. Mama alikuwa barazani. Aliona tunavyokuja, mimi nimemshika mkono, na hakuinuka. Nilidhani moyo umesimama. Baba alisimama mbele ya ngazi akasema hodi, kama mgeni. Mama akaniagiza nimtengee mzee chakula, kwani ametoka mbali. Baba alikula maharage taratibu, akasema hayana chumvi. Mama akamjibu kwamba chumvi ya nyumba hii iliondoka na mwenyewe miaka kumi na mmoja iliyopita. Wakaanza kucheka wote wawili, na kucheka kule kukageuka kitu kingine. Niliondoka nikaenda kukaa jikoni.

Hizo ndizo siku tisa nilizokutajia. Udongo hautakiwi tena. Mama anasema nani atatangulia Mungu ndiye ajuaye, lakini atakayefuata atajua pa kulala.

Baba ananizuia nisikuandikie kwa ukali. Anasema mtoto akinyea mkono, mkono haukatwi. Nimemjibu haukatwi, sawa, lakini unaoshwa, na hakuna anayekaa nao hivyo hivyo mezani. Mimi nina hasira, Kaka, na sitaki uniombee zipungue. Nina hasira kwa miaka tisa ya mama aliyelala na shati. Nina hasira kwa maneno uliyonisemea. Na zaidi ya yote nina hasira kwa sababu nilipokaa kwenye uwanda ule na kufunga lile fundo, nilifanya kwa mkono wangu kile kile ulichokifanya wewe, nikaona ni rahisi. Tofauti yetu ni kwamba mimi nilimwambia Mama jioni ile ile. Wewe ulijenga juu yake nyumba, ukaoa, ukawa mwenyekiti.

Sasa sikiliza. Kila Novemba unaandika jina la Baba kwenye bahasha ya marehemu, na padri analisoma kwa sauti siku ya misa ya wafu, wewe umesimama mbele na familia yako yote na wakwe. Wifi aliniambia mwaka jana, akakusifu kwa uaminifu wako. Nilimweleza Baba habari hiyo. Akauliza kama ni kweli jina lake linasomwa lote, Alfonsi na la babu yake pia. Nikasema ndiyo. Akasema hajawahi kusikia jina lake likisomwa kanisani tangu siku ya ndoa, na angependa alisikie.

Kwa hiyo tarehe mbili Novemba tunakuja, sisi watatu. Siku hizi huko kwako Morogoro ni karibu, treni inatufikisha hata chai haijapoa. Tutakaa benchi la nyuma. Baba anasema jina lake likitajwa atasimama aitike, kama shuleni. Sikumshauri mimi, ni mawazo yake mwenyewe, na Mama ameyapenda mno.

Una wiki tatu. Ukitaka wakwe na wifi walisikie kwako kabla ya kulisikia kwake, njoo Chang'ombe. Njoo umfukue mwenyewe uliyemzika. Utamkuta barazani, atakunawisha mikono na kukukaribisha, maana hana kinyongo, hiyo ndiyo kasoro yake. Ukiona huwezi kuja, basi tutaonana kanisani. Barua hii nimempa jirani yangu Tupokigwe anayekuja huko kwa dada yake. Nimemwambia akukabidhi mkononi, ofisini kwako, siyo nyumbani. Huo ndio upole wangu wa mwisho.

Mama anakusalimu. Ameniuliza nimeandika nini, nimemsomea yote, hakubadilisha hata neno. Ameniambia tu niongeze kwamba yale magadi bado yako jikoni, ukija atakufundisha kupika maharage. Baba naye anakusalimu sana, anawaulizia wajukuu zake majina. Wasalimie kwa niaba yake kama utajua namna ya kuwaambia salamu zimetoka kwa nani.

Kanisani usihangaike kumtafuta. Leo asubuhi Mama amelitoa lile shati la mistari chini ya mto, amelifua, na sasa hivi naliona limeanikwa uani. Ndilo atakalovaa.

Ni mimi mdogo wako,
Editha Alfonsi